Maziwa Yanayoliwa na Mlima

Mfugaji wa Lubero akimwita mtaalamu shambani kwake, swali lake huwa moja: majani haya yanatosha kuleta maziwa? Mara nyingi mtaalamu hujibu kwa njia aliyofundishwa chuoni. Anatambua aina ya majani, anafungua jedwali la vitabu vya Kifaransa, anasoma tarakimu iliyo mbele ya jina, anaizidisha kwa kilo anazodhani ng'ombe anakula, kazi imekwisha. Tarakimu yenyewe ilipimwa kwa uangalifu mkubwa na sina ugomvi nayo. Ninachokataa ni kuichukulia thamani ya nishati kama mali ya jina la majani. Kwa ng'ombe anayejilisha mwenyewe kwenye miteremko yetu, kuanzia Butembo kwenda Kyondo na Masereka hadi nyanda za juu za Lubero, thamani hiyo hutegemea ni jani lipi hasa limeingia mdomoni, lilikuwa na umri gani, na mnyama amepanda mlima kiasi gani kulifikia. Hilo la mwisho ndilo tunalolisahau, na ndilo linalotupokonya maziwa mengi.

Tuanze na moto. Ukikausha majani na kuyachoma ndani ya chombo kilichofungwa, ukapima joto linalotoka, kilo moja kavu itakupa takriban megajuli 18.4. Jani laini la kikuyu na bua gumu la matete yaliyokomaa hayatofautiani sana katika jaribio hilo, yote huwaka. Tofauti huanza tumboni. Sehemu kubwa hutoka na mavi, theluthi moja hadi nusu na zaidi kulingana na ubora wa majani. Takriban asilimia 6 hadi 7 ya ile nishati ya mwanzo hupotea kama methani ambayo ng'ombe hubeua kutwa nzima, na kidogo hutoka na mkojo. Kinachobaki ndicho mwili unaweza kukifanyia kazi. Kwa malisho yetu ya wastani, kati ya zile megajuli 18.4 hubaki 8 au 9 hivi, na hata hizo hazigeuki zote kuwa maziwa au nyama, kwa maana mwili unapozitumia hutoa joto.

Ujuzi huu una historia ndefu. Katika miaka ya 1860 Henneberg na Stohmann, kwenye kituo cha Weende huko Ujerumani, walianza kuchambua chakula cha mifugo kwa kutenganisha majivu, protini, mafuta na nyuzinyuzi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Oskar Kellner alipima wanyama wenyewe, akalinganisha kila chakula na wanga. Wafaransa walichagua shayiri kuwa kipimo, na mwaka 1978 taasisi yao ya INRA ikaleta mfumo unaotenga nishati ya maziwa na nishati ya nyama. Mfumo huo ndio wanafunzi wetu wa kilimo na udaktari wa mifugo, wanaosoma kwa Kifaransa, hukutana nao kwanza. Ni mfumo mzuri. Lakini vipimo vilivyoujenga vilitoka hasa kwa wanyama waliosimama zizini, wakiwekewa chakula kilichokwisha kupimwa. Hakuna aliyewaonyesha kilima cha Kipese.

Sasa mfuate ng'ombe mmoja asubuhi, umkaribie kiasi cha kusikia majani yakikatika. Hana meno ya mbele juu. Huzungusha ulimi kwenye fungu la majani, hulibana kati ya meno ya chini na ufizi mgumu wa juu, kisha hukivuta kichwa pembeni kidogo hadi majani yakatike. Anachukua ncha na majani ya juu. Bua analiacha limesimama, na majani yaliyochafuliwa na mavi anayapita. Akifika penye majani machanga hushusha kichwa na kutulia. Akifika penye mabua huanza kutembea tena. Ukija nyuma yake na panga ukakata kila kitu hadi chini, ukapeleka maabara, utakuwa umepima chakula ambacho ng'ombe amekikataa. Nimeona vipimo vya namna hiyo vikitumiwa kumwambia mfugaji kwamba malisho yake hayafai, ilhali ng'ombe walikuwa na afya njema.

Watafiti wenye fedha walitatua tatizo hilo kwa kutoboa umio la ng'ombe na kukinga anachomeza. Sisi tuna njia nyepesi zaidi, nayo hutoa matokeo mazuri ikifanywa kwa uaminifu: vidole. Mchungaji aliyezoeleka na kundi anatembea pembeni ya ng'ombe mmoja, na kila mnyama anapokata, naye anachuma fungu la majani yaleyale, kwa kimo kilekile, akilivuta badala ya kulikata. Anabadilisha ng'ombe, anarudia asubuhi na jioni, kwa sababu mnyama mwenye njaa hachagui kama aliyekwisha kutuliza tumbo. Majani hayo yanapimwa mabichi papo hapo, kisha yanakaushwa kwenye tanuri la maabara kwa nyuzi 60 hadi uzito usipungue tena. Jua la Lubero peke yake halitoshi, kwani ukungu wa alasiri huyarudishia majani unyevu.

Umri wa jani huja pamoja na mwinuko. Minson na wenzake nchini Australia walionyesha kwamba majani ya nchi za joto humeng'enywa pungufu ya majani ya nchi za baridi kwa wastani wa pointi 13 hivi katika mia, na kwamba joto la mahali majani yanapoota lina mchango wake: kila digrii inayoongezeka hupunguza takriban pointi moja, kwa kuwa joto hukomaza bua haraka. Huku kwetu jambo hilo linaonekana kwa macho. Ziwa Eduardi liko kwenye mita 900 na ushei juu ya usawa wa bahari, na bonde la Semliki hushuka chini ya hapo. Butembo iko zaidi ya mita 1,700. Malisho ya Lubero hupita mita 2,000. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa takriban digrii 6. Majani ya aina moja yenye umri mmoja yanaweza basi kutofautiana kwa pointi kama 6 kati ya bonde na mlima. Kanuni ya kugeuza pointi hizo kuwa nishati ni rahisi: chukua sehemu isiyo majivu inayomeng'enywa, kwa kila mia ya uzito mkavu, uizidishe kwa 0.157, utapata megajuli kwa kilo. Asilimia 55 inakupa 8.6. Pointi 6 zina thamani ya karibu megajuli 1 kwa kilo, na ng'ombe anayekula kilo 7.5 kavu kwa siku atapata megajuli 7, yaani zaidi ya lita moja ya maziwa, kwa sababu tu anaishi juu penye baridi.

Baraka hiyo ya baridi tunaipoteza wenyewe tunapoacha majani yazeeke. Matete yaliyopandwa kwenye kingo za kuzuia mmomonyoko hukatwa mara nyingi yakiwa yamempita mtu kimo, kwa kuwa mfugaji anataka mzigo mkubwa. Yakikatwa yakiwa ya mita moja hivi yana majani mengi na protini ya kutosha. Yakifikia mita tatu, bua limejaa lignini, na protini inaweza kushuka chini ya asilimia 7 ya uzito mkavu. Chini ya hapo bakteria wa tumbo kubwa hukosa cha kujengea miili yao, chakula hukaa tumboni muda mrefu, na ng'ombe hupunguza kula huku malisho yakiwa tele mbele yake. Mfugaji husema, "Daktari, anakula lakini maziwa hayatoki." Ukweli ni kwamba hali kiasi anachodhaniwa kula. Hapo kiganja cha majani ya kaliandra au mabua ya viazi vitamu husaidia kuliko kumwongezea matete yaleyale.

Kuhusu maabara sitakaa sana. Tilley na Terry, mwaka 1963, waliweka majani yaliyosagwa ndani ya maji ya tumbo la kondoo kwenye chupa, wakaona ni kiasi gani kinayeyuka. Menke na wenzake kule Hohenheim, mwaka 1979, wakachukua miligramu 200 tu za chakula, wakaziweka kwenye bomba la sindano kubwa la kioo pamoja na maji hayohayo ya tumboni, kwa digrii 39, wakapima gesi inayosukuma pistoni kwa saa 24. Njia hii ya pili inatufaa. Maji ya tumbo yanapatikana machinjioni Butembo kila alfajiri, na kinachohitajika zaidi ni joto lisilobadilika usiku kucha. Chuo chenye wanafunzi wa kilimo na wa mifugo, kama Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichoanzishwa mwaka 1989, kina watu wa kuifanya.

Mavi nayo husema. Majani yanayomeng'enywa vizuri huacha mavi yenye nitrojeni nyingi zaidi, na uhusiano huo umetumiwa kukadiria chakula cha wanyama walioko malishoni bila kukata jani hata moja. Onyo langu ni kwa wale wanaopanda kaliandra: tanini zake hushika protini na kuitoa nje, hivyo nitrojeni ya mavi hupanda hata kama nishati haikupanda. Ng'ombe wa kaliandra asipimwe kwa kanuni ya ng'ombe wa majani matupu.

Lakini megajuli kwa kilo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni kilo ngapi, na hapa hali ya nchi yetu inaingia tumboni mwa ng'ombe. Stobbs, aliyefanya kazi Queensland katika miaka ya 1970, alihesabu vinywa vya majani ambavyo ng'ombe huchukua na kukuta kwamba mara chache huzidi 36,000 kwa siku, hata akiwa na njaa. Kila kinywa kikipungua chini ya gramu 0.3, ng'ombe hawezi tena kushiba. Sasa fikiria kundi linalotolewa zizini jua likiwa limepanda na kurudishwa mapema kwa kuogopa wezi na watu wenye silaha. Likipata saa 6 za kula, kwa vinywa 50 kwa dakika, ni vinywa 18,000. Kila kimoja kikiwa gramu 0.4, ni kilo 7.2. Kikiwa gramu 0.3, kwa sababu majani karibu na mji yamelishwa hadi kwenye udongo, ni kilo 5.4. Majani yaleyale, nishati ileile kwa kilo, na robo ya chakula imetoweka. Tangu mauaji ya eneo la Beni yaanze mwaka 2014, na tena vita vilipofika Kanyabayonga mwaka 2024, malisho ya mbali yamekuwa hayaendeki kwa wengi, na mifugo imejibana kwenye vilima vichache vinavyoonekana kuwa salama. Ng'ombe waliozoea kula hata usiku sasa wamefungwa. Hakuna jedwali la chakula lenye safu ya usalama, ila mimi nisingemkadiria ng'ombe wa Lubero leo bila kuuliza kwanza anafunguliwa saa ngapi na anarudi saa ngapi.

Ndiyo maana ninapendelea kuhesabu kutoka upande wa pili. Ng'ombe mwenyewe ni kipimo. Nishati aliyoitumia kwa siku haina budi kuwa imetoka mahali: majani aliyokula, au mafuta ya mwili wake. Tumchukue ng'ombe wa kilo 300, chotara wa kienyeji kama wengi wa huku, anayetoa lita 4 na uzito wake haupandi wala haushuki. Kuishi tu, bila kutembea, kunamgharimu takriban megajuli 35 kwa siku. Kila lita ya maziwa inataka karibu 5, kwa hiyo lita 4 ni 20. Mwanafunzi akijumlisha anapata 55, anagawa kwa kilo 7.5 za majani makavu, anapata 7.3 kwa kilo, na anaandika kwamba malisho ni duni.

Amesahau mlima. Vipimo vya Waingereza, vilivyochapishwa mwaka 1980 na kurudiwa 1993, vinasema kusogeza kilo moja ya mwili mita moja mahali tambarare kunatumia juli 2.6, na kuipandisha mita moja wima kunatumia juli 28, mara kumi na zaidi. Ng'ombe wetu analala karibu na nyumba, anakunywa kijitoni bondeni, na majani yako juu ya kilima. Kwa siku anatembea kilomita 5 na kupanda jumla ya mita 300, jambo la kawaida kabisa kwa mtu anayezijua njia za Luotu. Kutembea kunakula megajuli 3.9, kupanda kunakula 2.5. Jumla 6.4, na kwa kuwa mwili hauigeuzi nishati ya chakula kuwa kazi bila hasara, ng'ombe anahitaji kula megajuli 9.6 ili kulipa gharama hiyo. Hesabu kamili basi ni 65 hivi, na ukigawa kwa kilo 7.5 unapata 8.6.

Kati ya 7.3 na 8.6 kuna maamuzi makubwa. Mwenye tarakimu ya kwanza atang'oa malisho na kupanda mikaratusi, au atatumia fedha kutafuta mbegu za kigeni. Mwenye ya pili atajua kwamba majani ni mazuri na tatizo liko njiani. Na mwenye jedwali, aliyesoma 8.6 kitabuni na kumwahidi mfugaji, atamwambia atarajie karibu lita 6. Zikitoka 4 atamlaumu mchungaji kwa wizi wa maziwa. Najua nyumba ambamo ugomvi huo umetokea. Lita mbili zilizodaiwa ziliishia kwenye mteremko, na mchungaji hakuwa na hatia yoyote.

Hesabu hii ina sharti moja: uzito lazima uchunguzwe. Ng'ombe aliyezaa karibuni huyeyusha mwili wake, na kilo moja inayoyeyuka hutoa nishati ya lita 5 hivi za maziwa. Akipungua gramu 300 kwa siku, lita moja na nusu katika ndoo yako imetoka mgongoni mwake. Utepe wa kupimia kifua hutosha, mradi upimwe asubuhi kabla ya maji na malisho, na mtu yuleyule, kwa mwezi mzima au zaidi. Tumbo lililojaa peke yake linaweza kuongeza kilo nyingi na kukudanganya. Nisingekubali kadirio la nishati lililofanywa kwa kumtazama ng'ombe siku moja.

Ukishaujua ukubwa wa gharama ya mlima, mambo ya kufanya yanajitokeza yenyewe. Kinga maji ya mvua juu karibu na malisho wakati wa mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, ili ng'ombe wa maziwa asishuke bondeni kila siku. Wapeleke juu mitamba na dume, ambao hawadaiwi maziwa. Wanaokamuliwa wapewe kipande cha karibu, hata kikiwa na majani duni kidogo, kwa kuwa pungufu la megajuli 1 kwa kilo linafidiwa lote na safari isiyofanyika. Vyuo vyetu, vinapokusanya vipimo, viandike pembeni ya kila sampuli mwinuko wa mahali, siku tangu majani yalipolishwa mara ya mwisho, kama yalichumwa kwa vidole au yalikatwa kwa panga, na umbali kutoka zizini hadi majini. Jedwali la Lubero litakuwa fupi kuliko la Wafaransa, na litatufaa zaidi.

Wengi hunijibu kwamba dawa ni kumfunga ng'ombe zizini na kumletea majani. Ni kweli kwamba ng'ombe hapo haulipi mlima. Anayeulipa ni mwanamke au mtoto anayeshuka na mzigo wa matete kichwani, au mgongoni kwa kamba ya paji la uso, na mara nyingi anapanda tena upande wa pili. Mzigo wa kilo 30 za matete mabichi una kilo 5 tu za majani makavu. Kilo 25 ni maji. Megajuli zake ni kama 43: kumtunza ng'ombe kwa siku na kubakiza lita moja na nusu. Basi angalau tusiwabebeshe maji. Matete yakikatwa asubuhi na kuachwa yametandazwa juani hadi yanyauke, hata yakifikia robo tu ya ukavu, mzigo uleule hushuka kutoka kilo 30 hadi kama 20, na chakula kilichomo ni karibu kilekile.